BAWABU WA SERIKALI ISIYOKUWA NA NCHI

Wako watu ambao historia huwakumbuka kwa kuwa walishinda. Wako na wengine, nao ni wachache, ambao hukumbukwa ijapokuwa walishindwa, kwa sababu jambo lile walilolikataa lilikuja kuwaumiza watu wote baada yao. Kim Gu wa Korea ni mmoja wa hao wachache. Alizaliwa mwaka 1876, akauawa mwaka 1949, na katika maisha hayo ya miaka 72 aliiona nchi yake ikiwa na mfalme, akaiona ikimezwa na jirani, akaiona ikikombolewa, na mwisho akaiona ikikatwa vipande viwili kama mkate. Twapenda kuwaeleza ndugu wasomaji habari za maisha yake. Hatusemi kwamba hakukosea, maana alikosea. Lakini maisha yake yana swali ambalo kila taifa lililotawaliwa hulikuta mlangoni pake: uhuru ukiletwa na mkono wa mwingine, ni nani atakayeshika ufunguo wa nyumba?

Kim Gu alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876 huko Haeju, katika jimbo la Hwanghae, magharibi ya Korea. Jamaa zake walikuwa wakulima maskini, katika nchi ambayo mabwana wa ukoo waliwatazama wakulima kama ng'ombe wa kulimia. Utotoni alipatwa na ndui, nayo ikamwachia makovu usoni. Hata hivyo baba yake alimtafutia mwalimu wa kijijini, na mwaka 1892 kijana akaenda kufanya mtihani wa serikali, ambao kwa desturi ya Korea ndio uliokuwa mlango wa kuingilia katika kazi za utawala. Huko alikuta rushwa imekaa kitini pa mwamuzi. Vyeo vilikwisha kununuliwa kabla ya wino kukauka. Akarudi nyumbani mikono mitupu, lakini kichwani amebeba somo kubwa kuliko lile alilolifuata, nalo ni kwamba nchi huanza kuliwa na wenyewe kabla ya kuliwa na mgeni.

Mwaka uliofuata akajiunga na Donghak, dini ya wakulima iliyofundisha kwamba kila mtu, awe bwana au mtumwa, amebeba mbingu ndani yake. Mafundisho ya namna hiyo hayawezi kukaa kimya katika nchi ya mabwana. Mwaka 1894 wakulima wakainuka, na Kim Gu, ambaye umri wake ulikuwa miaka 18 tu, akawa kiongozi wa kikosi kilichoushambulia mji wa Haeju. Walishindwa. Lakini kilicholetwa na maasi hayo ndicho cha kuangaliwa sana. Serikali ya mfalme, kwa kuwaogopa watu wake yenyewe, iliita majeshi ya China yaje kuisaidia. Na Japani, bila ya kuitwa na mtu, ikaleta ya kwake. Hao wageni wawili wakapigana vita juu ya ardhi ya Korea, wakigombea nani awe bwana wake. Japani ikashinda, na tangu siku hiyo haikutoka tena. Mwezi Oktoba mwaka 1895 Malkia Min aliuawa ndani ya jumba lake na watu waliotumwa na Wajapani.

Habari za mauaji hayo zilimchoma Kim Gu moyo. Mwezi Machi mwaka 1896, katika nyumba ya wageni mahali paitwapo Chihapo, alimwona Mjapani mmoja aliyevaa nguo za Kikorea na kuficha upanga. Akaamini kwamba mtu huyo ni mmoja wa wauaji wa malkia, akamwua, akaandika jina lake mwenyewe na mahali anapokaa, akayabandika ukutani, kisha akaenda nyumbani kungoja kukamatwa. Yatupasa kusema ukweli wote: maandiko ya Kijapani yamtaja marehemu huyo kuwa mfanya biashara, na hakuna ushahidi kwamba alihusika katika mauaji yale. Hasira ya aliyeonewa ni ya haki, walakini si kila mkono unaoongozwa na hasira hupata shabaha yake.

Alihukumiwa kufa, akawekwa gerezani Incheon, lakini hukumu hiyo haikutekelezwa. Katika kungoja kwake alisoma vitabu vya elimu mpya, akawafundisha wafungwa wenzake kusoma na kuandika. Mwaka 1898 alitoroka. Akajificha kwa muda katika nyumba ya watawa wa Kibudha, akanyoa nywele, akaishi kama mtawa. Baadaye akaingia Ukristo, akawa mwalimu wa shule katika jimbo la kwao. Tangu hapo alishika imani moja ambayo hakuiacha, kwamba taifa lisilojua kusoma haliwezi hata kutambua hati ya kuuzwa kwake linapotiwa mkono.

Na hati hiyo ilitiwa mkono kweli. Mwaka 1905 Japani iliilazimisha Korea kuwa chini ya ulinzi wake. Mwaka 1909 An Jung-geun, mtoto wa bwana mmoja aliyewahi kumpa Kim Gu hifadhi baada ya vita vya Donghak, alimpiga risasi Ito Hirobumi, mwanasiasa mkuu wa Japani, katika stesheni ya Harbin, naye akanyongwa mwezi Machi mwaka 1910. Na tarehe 29 Agosti 1910, siku ile ile Kim Gu alipotimiza miaka 34, ilitangazwa kwamba Korea si dola tena, bali ni sehemu ya Japani.

Utawala uliofuata waweza kueleweka kwa urahisi na wasomaji wa nchi zetu. Gavana Mkuu alikuwa daima mwanajeshi. Katika miaka ya mwanzo hata waalimu wa shule walivaa panga mbele ya watoto. Ardhi ilipimwa upya tangu mwaka 1910 hata 1918, na wakulima wengi wakajikuta wapangaji katika mashamba waliyolima babu zao. Mchele ulipakiwa melini kwenda Japani, huku mkulima aliyeuvuna akila mtama. Reli zilijengwa, ni kweli, na bandari na viwanda; na watetezi wa ukoloni hawachoki kuzihesabu reli hizo. Sisi twauliza swali moja tu: treni ilibeba nini, nayo ilikuwa ikielekea wapi?

Mwaka 1911 polisi waliwakamata watu wengi wenye kupenda nchi katika jimbo la Hwanghae, na Kim Gu akiwamo. Walimtundika, wakampiga mpaka akazimia, wakamwagia maji, wakaanza tena. Baadaye alieleza kwamba usiku mmoja, mwili wake ukiwa umepondeka, aliwatazama wale polisi waliokesha mpaka alfajiri wakimtesa kwa bidii ili kuimaliza nchi aliyoipenda, ndipo akaona aibu. Alijiuliza ni usiku mangapi yeye mwenyewe amepata kukesha kwa kazi ya nchi yake. Msomaji na alifikiri jambo hili. Mtu anateswa, na badala ya kujihurumia, anayapima mapenzi yake kwa taifa kwa kipimo cha bidii ya adui.

Alipewa kifungo kilichozidi miaka 10, ambacho kilipunguzwa baadaye. Gerezani alibadili namna ya kuandika jina lake, ili asitambulikane katika vitabu vya Wajapani, akajipa na lakabu mpya: Baekbeom. Neno hilo alilitunga kutokana na majina mawili, moja la wachinjaji, watu waliodharauliwa kuliko wote katika Korea ya zamani, na moja la watu wa kawaida, makabwela, wasio na cheo. Maana yake ni kwamba hata mtu wa chini kabisa lazima aipende nchi yake walau kama aipendavyo Kim Gu, ama sivyo uhuru hautapatikana. Katika kifungo hicho alipelekwa tena Incheon, akatiwa minyororo na kuchukuzwa udongo pamoja na wafungwa wenzake katika ujenzi wa bandari. Na alipokuwa gerezani aliomba jambo moja kwa Mungu: kwamba Korea ikipata serikali yake, ajaliwe kufagia ua wa jumba la serikali hiyo na kufuta vioo vya madirisha yake, kabla ya kufa. Alifunguliwa mwaka 1915.

Tarehe 1 Machi 1919 Wakorea walisoma tangazo la uhuru katika Seoul, wakatoka barabarani nchi nzima bila silaha, wakipaza sauti za kuitakia nchi yao maisha marefu. Wajapani waliwajibu kwa risasi na moto. Waliouawa walikuwa mamia kwa hesabu ya Wajapani na maelfu kwa hesabu ya Wakorea, na katika kijiji cha Jeamri watu walifungiwa kanisani wakachomwa. Viongozi waliosalia walikimbilia Shanghai, na huko mwezi Aprili wakaunda Serikali ya Muda ya Jamhuri ya Korea. Hawakuwa na shamba, wala ngome, wala hazina. Walikuwa na nyumba ya kupanga katika mtaa wa Wafaransa.

Kim Gu naye alifika Shanghai mwezi huo. Alimwendea An Chang-ho, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, akaomba kazi. Kazi aliyoiomba ilikuwa ya ubawabu. Alitaka kukaa mlangoni mwa serikali, aulinde mlango na kufagia mbele yake, kama alivyoahidi gerezani. Wakubwa wakaona kwamba mtu wa namna hiyo hafai kuachwa mlangoni, wakampa ukuu wa polisi wa Serikali ya Muda. Walakini twaona kwamba Kim Gu hakuacha kamwe kuwa bawabu. Miaka 30 iliyobaki ya maisha yake aliulinda mlango mmoja tu: jina la taifa zima la Korea.

Haikuwa kazi ya kushiba. Mwanzoni walikuwa wengi pale Shanghai, kisha ugomvi ukawaingia. Hawa walitaka kwenda Moscow kuomba msaada, hao walitaka kwenda Washington, na wengine walichoka wakarudi nyumbani kujisalimisha. Kufika mwaka 1926, Kim Gu alipofanywa mkuu wa Serikali ya Muda, hata kodi ya pango ya ofisi ilikuwa tabu kulipwa. Mkuu wa serikali alilala ofisini, na wakati wa chakula alizunguka nyumba za Wakorea waliokuwa wakaguzi wa tiketi katika kampuni ya tramu, akila walichokuwa nacho. Ndipo akaanza kuandika barua, moja baada ya nyingine, kwa Wakorea waliokuwa vibarua katika mashamba ya Hawaii, Mexico na Cuba. Hao wakata miwa wakatuma senti zao. Ikiwa kuna mtu anayedhani kwamba fedha za ukombozi hutoka kwa matajiri, basi na aitazame hazina ya serikali hii, iliyojazwa na jasho la wafanya kazi.

Hapana budi tumtaje na mama yake, Kwak Nak-won. Alipokuwa Shanghai mama huyu aliokota majani ya kabichi yaliyotupwa na wauza mboga, akayatia chumvi, yakawa kitoweo. Mkwewe, mke wa Kim Gu, alifariki mwaka 1924, na wajukuu wawili wakabaki mikononi mwake. Baadaye, katika China, wapigania uhuru walichanga fedha kwa siri ili kumfanyia karamu ya siku ya kuzaliwa. Mama akapata habari. Akawataka wampe fedha taslimu, apike mwenyewe vyakula avipendavyo. Wakampa. Siku ilipofika hapakuwa na chakula. Mama aliwakabidhi bastola alizozinunua kwa fedha hizo, wazitumie katika kazi. Alifariki Chongqing mwaka 1939 bila ya kuuona uhuru.

Twafika sasa mahali pagumu. Mwaka 1931 Japani iliivamia Manchuria, na Kim Gu akaunda kikundi cha siri cha kuwashambulia wakuu wa Japani. Mwezi Januari mwaka 1932 Lee Bong-chang alitupa bomu katika msafara wa Mfalme wa Japani mjini Tokyo, likakosa. Tarehe 29 Aprili mwaka huo huo Yun Bong-gil, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akiuza mboga sokoni, alitupa bomu katika bustani ya Hongkou, Shanghai, palipokuwa na sherehe ya jeshi la Japani. Jenerali Shirakawa alikufa kwa majeraha yake, na balozi Shigemitsu akapoteza mguu. Asubuhi ya siku hiyo wawili hao walikula chakula cha mwisho pamoja. Yun alikuwa na saa mpya, naye Kim Gu alikuwa na saa kuukuu. Kijana akaomba wabadilishane, kwa kuwa yake haitakuwa na kazi tena baada ya muda mfupi. Yun alipigwa risasi huko Japani mwezi Desemba.

Je, ilikuwa haki? Msomaji na ahukumu mwenyewe, akikumbuka kwamba mnyonge hachagui silaha zake katika duka lile lile la mwenye nguvu. Lakini na gharama isifichwe. Polisi waliwasaka Wakorea wa Shanghai nyumba kwa nyumba, na An Chang-ho, ambaye hakuhusika, alikamatwa siku ile ile. Kim Gu alipoona kwamba wengine wateswa kwa ajili yake, alitangaza hadharani kwamba yeye ndiye aliyepanga. Kichwa chake kikatiwa bei kubwa, akahama mji hata mji, akilala mashuani katika mifereji ya Jiaxing. Mwaka 1938 Mkorea mwenziwe alimpiga risasi kifuani katika mkutano huko Changsha, akapona. Na serikali yake ikasafiri pamoja naye, toka Shanghai mpaka Chongqing, ikiwa na masanduku ya karatasi na bendera moja.

Nyumbani Korea mambo yalizidi kuwa mabaya. Lugha ya Kikorea iliondolewa mashuleni. Tangu mwaka 1940 watu walishurutishwa kuchukua majina ya Kijapani. Mamia ya maelfu ya wanaume walipelekwa kuchimba makaa na kufanya kazi viwandani Japani, na wasichana wakadanganywa au wakachukuliwa kwa nguvu, wakafanywa watumwa wa tamaa za askari. Chongqing, tarehe 17 Septemba 1940, Kim Gu alitangaza Jeshi la Ukombozi la Korea. Halikuwa kubwa, wala halikuwa na silaha za kutosha, lakini mwaka 1945 vijana wake walikuwa wakifundishwa na Wamarekani karibu na Xi'an, ili waingie Korea kwa siri na kupigana kabla ya Japani kushindwa.

Kim Gu alikuwa Xi'an mwezi Agosti mwaka 1945 ilipomfikia habari kwamba Japani inasalimu amri. Wengine wangecheza ngoma. Yeye aliona kama mbingu zimemwangukia. Vijana wake hawakuwa wamepiga risasi hata moja juu ya ardhi ya Korea, naye alijua maana yake: katika karamu ya washindi, asiyeleta kuni hapewi kiti. Alikuwa amengojea siku ile tangu ujana wake, na ilipokuja, alihuzunika kwa sababu iliwahi mno.

Hofu yake haikuwa ya bure. Usiku wa tarehe 10 kuamkia tarehe 11 Agosti, mjini Washington, maafisa wawili wa jeshi la Marekani, Dean Rusk na Charles Bonesteel, walipewa muda wa nusu saa watafute mahali pa kuigawa Korea, ili Warusi wapokee silaha za Wajapani upande wa kaskazini, na Wamarekani upande wa kusini. Walichukua ramani, wakachagua mstari wa nyuzi 38 kaskazini ya Ikweta. Hawakuulizwa Wakorea. Warusi wakakubali. Mstari huo haukufuata mto wala mlima. Ulipita katikati ya mashamba na vijiji, na nchi iliyokuwa moja kwa zaidi ya miaka 1,000 ikagawanywa kwa penseli. Adui aliyeshindwa, yaani Japani, hakugawanywa. Aliyegawanywa ni yule aliyeonewa.

Wamarekani waliteremka Incheon tarehe 8 Septemba 1945, katika bandari ile ambayo Kim Gu aliijenga kwa minyororo. Hawakuitambua serikali yoyote ya Wakorea, wala ile ya Chongqing, wala Jamhuri ya Watu iliyotangazwa Seoul mwezi ule ule na wafuasi wa Lyuh Woon-hyung. Kim Gu aliruhusiwa kurudi tarehe 23 Novemba, kwa sharti kwamba arudi kama mtu binafsi. Bawabu alifika nyumbani, akakuta mlango unalindwa na mwingine.

Mwezi Desemba wakubwa walikutana Moscow, wakaafikiana kwamba Wakorea waundiwe serikali ya muda, lakini wakae chini ya udhamini wa mataifa manne kwa muda usiozidi miaka mitano. Neno hili udhamini lajulikana kwetu. Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa mwaka 1946, mikononi mwa Waingereza, ikakaa hivyo mpaka mwaka 1961. Twajua jinsi neno hilo lisikikavyo katika sikio la mtu mzima anayeambiwa kwamba bado ni mtoto. Kim Gu aliwaka moto. Aliitisha migomo, wafanya kazi wakaacha kazi, maduka yakafungwa, mpaka Jenerali Hodge, mkuu wa jeshi la Marekani, akamwita na kumtishia.

Hapa nasi hatuna budi kusema lile ambalo wapenzi wake hawapendi kulisema. Mkataba wa Moscow, pamoja na aibu yake yote, ndiyo hati pekee iliyowafunga Warusi na Wamarekani pamoja kuunda serikali moja ya Korea nzima. Ulipokufa, njia hiyo ilikufa nao. Kim Gu aliona udhamini tu, akaupiga vita pamoja na watu ambao nia yao ilikuwa nyingine, na wakomunisti walipougeukia mkataba kuuunga mkono, Wakorea wakaitana wasaliti wao kwa wao. Risasi zikaanza kusema mijini. Lyuh Woon-hyung, aliyejaribu kuziunganisha pande mbili, aliuawa mwezi Julai mwaka 1947. Kiongozi mwingine, Jang Deok-su, aliuawa mwezi Desemba, na Kim Gu mwenyewe akaitwa kutoa ushahidi mbele ya mahakama ya jeshi la Marekani, kwa kuwa washitakiwa walitajwa kuwa watu wa upande wake. Aliyefundisha vijana kutumia bastola dhidi ya adui aliziona bastola zikirudi nyumbani.

Mwanzoni mwa mwaka 1948 jambo likawa wazi. Warusi walikataa tume ya uchaguzi ya Umoja wa Mataifa isiingie kaskazini, na Wamarekani wakataka uchaguzi ufanywe kusini peke yake. Syngman Rhee aliunga mkono. Hoja yake na ya wenziwe haikuwa ya kipumbavu: kaskazini kulikwisha kuwa na utawala wake, jeshi lake na mahakama zake, kuingoja Korea nzima kungekuwa kukosa yote. Nusu shari, walisema, kuliko shari kamili. Na Kim Gu, ambaye maisha yake yote alikuwa adui wa ukomunisti, angaliweza kukubali, akapata cheo kikubwa na kufa kitandani.

Alikataa. Mwezi Februari alitoa tamko kwa Wakorea milioni 30, akiwalilia waione hatari iliyo mbele, akisema kwamba yu radhi aanguke afe juu ya mstari wa nyuzi 38 kuliko kushiriki kuunda serikali ya kipande cha nchi kwa ajili ya raha yake mwenyewe. Wazee wa mwaka 1948 waliona ni maneno ya mtu asiyejua siasa. Sisi tuliozaliwa baadaye twajua kwamba alikuwa akisoma ramani ya mwaka 1950.

Tarehe 19 Aprili 1948, akiwa na umri wa miaka 71, aliondoka Seoul kwenda Pyongyang kuzungumza na viongozi wa kaskazini. Vijana walijaa uani kwake kumzuia, wengine kwa mapenzi, wengine kwa hasira. Alitokea mlango wa nyuma, akasafiri, akasimama kwenye kibao cha nyuzi 38 apigwe picha, akavuka. Kule alikuta mkutano umekwisha kupangwa, hotuba zimekwisha kuandikwa, na yeye amewekewa nafasi ya pambo. Hata hivyo hakurudi bure. Yeye na Kim Kyu-sik walizungumza na Kim Il-sung na Kim Tu-bong, wakapata tamko kwamba majeshi ya kigeni yaondoke, na kwamba Wakorea hawatapigana wao kwa wao. Aliomba pia kwamba kusini isinyimwe umeme utokao kaskazini, wala wakulima wa Yeonbaek wasinyimwe maji ya mashamba yao. Aliahidiwa. Tarehe 10 Mei uchaguzi wa kusini ukafanywa bila yeye. Na tarehe 14 Mei umeme ulikatwa. Wenye kumcheka walicheka sana.

Tarehe 15 Agosti 1948 ilitangazwa Jamhuri ya Korea katika Seoul, na Syngman Rhee akiwa rais. Tarehe 9 Septemba ikatangazwa dola nyingine Pyongyang, chini ya Kim Il-sung. Kila moja ilidai kwamba ndiyo Korea nzima. Kwa hiyo kila moja ilikuwa na sababu ya vita tangu siku ya kuzaliwa kwake.

Jumapili, tarehe 26 Juni 1949, luteni mmoja wa jeshi la Korea ya Kusini, Ahn Doo-hee, alipanda ngazi ya nyumba aliyokaa Kim Gu mjini Seoul, akampiga risasi 4. Mzee alikufa pale pale kwenye meza yake. Mwuaji alihukumiwa kifungo cha maisha, kikapunguzwa, na vita vilipoanza aliachiliwa na kurudishwa jeshini. Uchunguzi wa Bunge la Korea ya Kusini uliotolewa mwaka 1995 ulieleza kwamba luteni huyo hakufanya peke yake. Ni risasi ya Mkorea, ndani ya nchi huru, iliyofanya kazi ambayo polisi wa Japani waliishindwa kwa miaka 26 ya kumsaka ugenini.

Mwaka mmoja baadaye, siku moja tu kabla ya kutimia, yaani tarehe 25 Juni 1950, majeshi ya kaskazini yalivuka mstari, vita vikaanza. Wageni wakaingia tena pande zote mbili. Mamilioni ya watu walikufa au kujeruhiwa, na miji ikawa majivu. Tarehe 27 Julai 1953 mapigano yalisimamishwa karibu na mahali pale pale yalipoanzia. Mkataba wa amani haujatiwa mkono hata leo. Jamaa waliotengana, ndugu na ndugu, mume na mke, wengi wamekufa bila ya kupata hata barua. Wachache waliojaliwa kukutana tangu mwaka 2000 walipewa siku chache tu, kisha wakaagana madirishani mwa mabasi, wazee wa miaka 80 wakilia kama watoto.

Katika bustani ya Hyochang mjini Seoul liko kaburi la Kim Gu. Karibu nalo yako makaburi ya Yun Bong-gil na Lee Bong-chang, ambao mifupa yao aliirudisha mwenyewe kutoka Japani mwaka 1946. Na kando yao aliliweka kaburi moja tupu, akimngojea An Jung-geun, ambaye mwili wake haujapatikana tangu anyongwe mwaka 1910. Kaburi hilo lingali tupu.

Tulianza kwa kuuliza ni nani atakayeshika ufunguo. Kim Gu hakupata jibu la kushinda. Alikosea mara nyingi, aliamini silaha kupita kiasi, alichelewa kutafuta mapatano na wenziwe, na alipoyatafuta, mlango ulikuwa umekwisha kufungwa toka nje na toka ndani. Lakini jambo moja alilijua kuliko wenye akili wote wa wakati wake. Alijua kwamba waliompa nusu ya nyumba hawakumpa chumba cha kulala, bali walimpa ukuta wa kupigania. Watu wake wamelala kando ya ukuta huo tangu hapo, kizazi baada ya kizazi, bunduki zikiwa zimeelekezwa kwa ndugu zao. Bawabu aliyekataa kuupokea ukuta huo alizikwa. Na ukuta ungali umesimama.